Pima Asubuhi Kabla Hujachoma Sindano ya Homoni

Mtaani kwetu Dar, mwanaume akilalamika kwamba jogoo hawiki, ataambiwa anywe supu ya pweza, atafute vumbi la Kongo au anunue kidonge duka la dawa. Nami nilishauriwa hivyo hivyo. Lakini kwangu hamu yenyewe ilikuwa imekwisha, mwili mzito tangu naamka, na damu imepungua bila sababu ya kueleweka. Vidonge vile husaidia damu kufika kwenye uume. Havirudishi hamu wala haviongezi testosteroni, homoni ya kiume.

Kipimo cha homoni hii kina saa zake. Hupanda tukiwa usingizini, hufika kilele asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyokwenda. Maabara ya kwanza niliyokwenda walitaka kunitoa damu saa 9 alasiri, wakasema hakuna tofauti. Tofauti ipo, tena kubwa, hasa kwa kijana. Nenda kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla hujala, na usipime ukiwa na malaria au homa, maana ugonjwa hushusha kiwango. Jibu likiwa chini, rudia siku nyingine. Madaktari wengi huhesabu chini ya nanogramu 300 kwa desilita kuwa upungufu, mradi dalili ziwepo. Angalia kizio kwenye karatasi: maabara nyingine huandika kwa mililita, na hapo 300 husomeka 3.

Majibu yangu yalikuwa chini mara zote mbili, ndipo daktari akaagiza LH, homoni ya ubongoni inayoziamuru korodani zifanye kazi. LH ikiwa juu, korodani zenyewe zina kasoro, labda kwa matumbwitumbwi yaliyozishukia au jeraha la zamani. Ikiwa chini au ya kawaida, amri haitoki ipasavyo: hapo hutazamwa homoni ya prolaktini, uvimbe kwenye tezi ya pituitari, matumizi ya tramadoli, kisukari, unene, pumzi kukatika usingizini. Yangu ilikuwa chini. Mke wangu ndiye aliyemwambia daktari kwamba nakoroma hadi pumzi inakatika, jambo ambalo mimi nisingelijua. Matibabu yakaanzia kwenye kitambi na usingizi.

Na hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Nilitaka sindano, daktari akauliza kwanza kama bado tunatafuta mtoto. Tulikuwa tunatafuta. Akakataa. Testosteroni ikiingizwa mwilini kutoka nje, ubongo huacha kutuma LH, korodani husinyaa na mbegu zinaweza kutoweka kabisa. Kurudi kwa mbegu huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wanaojidunga gym ili wapate misuli wanapita njia hiyo hiyo, na wengi hawajaambiwa. Mimi nilipewa klomifeni, kidonge kinachouchochea ubongo utume amri yake wenyewe.

Asiyehitaji mtoto, na upungufu wake umethibitika, sindano au jeli humsaidia, hasa kwenye hamu. Afuatiliwe tu. Dawa hii huongeza chembe nyekundu za damu, na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54 husimamishwa hadi ishuke. Aliyevuka miaka 40 apimwe PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kabla ya kuanza na miezi michache baadaye. Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi hachomwi.