BATWA, WATU WALIOTUTANGULIA

Mwaka huu ni wa mwisho kwangu hapa shuleni, na somo hili nimeliandika juu ya kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita, saa ya kufagia, nilimkemea mwanafunzi mmoja mdogo nikamwita «mutwa». Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, aliweka ufagio chini akaenda zake. Kumbe wazazi wake ni Batwa kweli. Jina la watu wake nililifanya tusi, mimi mkuu wa wanafunzi, ninayewaambia wengine kila siku wachunge kinywa!

Basi nikaanza kuuliza: Batwa ni nani?

Jina hili ni la zamani sana. Shina lake, -twa, linasikika Kongo, Rwanda na Burundi, hata kusini kabisa mwa Afrika, ambako Wazulu wanawaita Wasan «abaTwa». Juu ya nini? Mababu zetu wenye lugha za Kibantu walipokuwa wanaingia inchi hizi na mbegu na vyuma vyao, walikuta wawindaji wamekwisha kukaa, na fasi nyingi wakawapa jina lile lile. Kwa hiyo jina lenyewe ni ushuhuda kwamba kulikuwa watu hapa mbele yetu. India vilevile kuna makabila yanayoitwa Adivasi, maana yake wakaaji wa mwanzo. Hesabu ya mwaka 2011 ilikuta watu wa makabila ya namna hiyo wanapita milioni 100.

Batwa waliishi kwa mwitu: nyama, asali, dawa za miti. Kwa wakulima walileta nyama na ngozi, wakapata ndizi na vyuma. Leo wanasema lugha za majirani wao, Mashi, Kifuliiru ao ingine.

Halafu mwitu ulifungwa. Mlima Kahuzi, metre 3.308, mnaujua katika jografia. Uko kaskazini kwetu, kupita Bukavu. Wabelgiji walitenga hifadhi huko mwaka 1937. Mwaka 1970 serikali iliunda Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega kwa kulinda gorila, na mwaka 1975 ikaipanua mpaka hektari 600.000. Gorila kulindwa ni vizuri, sikatai. Lakini familia za Batwa zilizokaa mle zilitolewa bila kupewa udongo mwingine. Mtu aliyezoea kuwinda, ukimweka pembeni ya shamba la mwenzake, atakula nini? Wengi wakawa vibarua. Mwaka 1980 UNESCO iliandika parki hiyo kati ya urithi wa dunia. Neno hilo «urithi» linanisumbua kidogo. Mwaka 2018 wengine walirudi msituni, na damu ikamwagika. Sheria ya kulinda haki zao ilitiwa sahihi tarehe 15 Julai 2022, na mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi.

Wale wasio na mwitu, wengi ni wafinyanzi. Sokoni nilimkuta mama mmoja wa Batwa, nikamwomba anifundishe. Udongo unatoka kwenye kinamasi. Unatwangwa, mawe madogo yanatolewa. Halafu anakunja kamba za udongo, moja juu ya ingine, bila mashine yoyote, na kulainisha kwa jiwe. Vyungu vinakauka kivulini, kwani jua kali linavipasua. Vinachomwa nje, chini ya majani makavu, na mvua ikija, kazi yote imekufa. Siku hizi watu wanapenda sufuria. Tena kinamasi kimekuwa shamba la mpunga, na mwenye shamba anataka franka mbele ya kuchimba.

«Zamani tulichimba bure,» aliniambia. «Sasa tunanunua mpaka udongo, mwanangu.»

Yule mwanafunzi nilimwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka. Alijibu, «Hakuna neno, kapita.» Lakini tukikutana njiani, bado hanitazami usoni.