MTEJA ANATAKA PAMPU YA KUTOA MAJI STOO? MUULIZE HAYA 4 KWANZA

Masika ikikaribia, inboksi yangu hujaa swali moja: "Pampu bei gani?" Mimi sitaji bei kwanza. Ukimpa isiyofaa, mzigo wake unalowa na jina lako linaharibika.

1. Maji yanapandishwa mita ngapi? Boksi likiandika "mita 7, lita 8,000 kwa saa", usimwambie atapata vyote pamoja. Kwenye mita 7 maji hayatoki tena. Kama stoo yake iko chini ya ardhi mita 3, angalia kwenye karatasi ya pampu inatoa lita ngapi kwa mita 3.

2. Maji safi au ya tope? Pampu ya maji safi ikikutana na tope inaziba.

3. Usiku nani atawasha? Kama hakuna mtu, mpe yenye boya. Maji yakijaa inajiwasha, yakiisha inajizima, haiungui.

4. Umeme ukikatika je? Mvua kubwa mara nyingi huja na giza. Aandae jenereta, au betri na inverta.

Akishajibu, sasa taja bei. Hapo unauza suluhisho, na mteja harudishi mzigo.