Mandara kwa siku moja na watoto wakubwa

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi huniuliza habari za kwenda Kilimanjaro na watoto wa miaka 11 hadi 16. Nimeongoza wageni njia ya Marangu kwa miaka mingi, na wanangu pia nimewapandisha. Haya ndiyo ninayowajibu.

Tuna siku moja tu. Twende mpaka wapi?

Nendeni Mandara. Kutoka lango la Marangu ni kama kilomita 8, karibu zote ndani ya msitu, na vibanda viko mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa familia ni mwendo wa saa tatu hadi nne kupanda, na saa mbili hivi kushuka. Miguu ikiwa bado ina nguvu, kreta ya Maundi iko robo saa mbele. Mawingu yakifunguka mtaona vilele vya Kibo na Mawenzi. Mwongozaji ni lazima. Watu wazima wachukue vitambulisho, maana ada ya Mtanzania si sawa na ya mgeni.

Mwanangu wa miaka 13 anacheza mpira kila siku. Si atapanda bila shida?

Mzazi mwenzangu, huyo ndiye ninayemwangalia kuliko wote. Mapafu ya mpira hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, ambao huweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi, hasa kwa anayepanda haraka. Na yeye ndiye atakayekimbia mbele ili awafikie wageni waliotutangulia.

Mtoto wa miaka sita akiumwa atalia, mtajua. Wa miaka 13 ananyamaza, hataki kuwa yeye aliyewarudisha wenzake. Mwanangu aliniambia, "Niko sawa, baba," mara tatu. Nilichokiona ni chapati: tulikaa kupumzika, nduguze wakamaliza zao, yeye ameishika tu, hajaimega. Nilipomkazia macho akakiri kwamba kichwa kinamgonga tangu tulipovuka daraja njiani. Tukashuka mimi na yeye, na kabla hatujafika langoni alikuwa ameimaliza.

Kwa hiyo zungumzeni nyumbani, kabla hata ya kufunga mabegi: anayeumwa kichwa aseme, na hakuna atakayemlaumu. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au kizunguzungu, msiendelee juu. Pumzikeni, na kama hakipoi, shukeni. Akiyumba, akiongea ovyo au akihema ilhali amekaa, shukeni saa hiyo hiyo. Anayeshuka asishuke bila mtu mzima, ndiyo maana nasisitiza wazazi wawe wawili, au mzazi na shangazi au mjomba.

Raba za shule zinafaa?

Zikiwa na soli yenye meno na mtoto amezizoea, zinafaa kwa Mandara. Viatu vipya vya jana vitampa malengelenge. Mkateni kucha za miguu siku mbili kabla, kwani wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu kwa saa mbili nzima. Suruali ya jinzi iacheni nyumbani: ikilowa haikauki, na msitu ule hupata mvua hata masika yakiwa yamekwisha. Sweta la mtumba la manyoya, koti la mvua, lita 2 za maji kwa kila mtu. Chakula chochote wanachokipenda.

Tugeuke saa ngapi?

Saa saba na nusu mchana, popote mtakapokuwa, hata kama paa za Mandara zinaonekana. Ndiyo maana nawataka langoni saa mbili asubuhi. Saa ya mkononi mpeni mtoto mmoja aishike yeye, awe ndiye mwenye kutangaza. Nimeona vijana wakibishana na baba zao mlimani. Sijawaona wakibishana na saa waliyoikubali wenyewe.

Binti yangu ana miaka 14 na anataka kilele. Nimkubalie?

Umri unamruhusu, hifadhi huwazuia walio chini ya miaka 10. Lakini kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na usiku wa kupanda kutoka vibanda vya Kibo ni mgumu hata kwa watu wazima. Mama, mpeleke kwanza vibanda vya Horombo, mita 3,720, mlale huko usiku mbili. Mtazame anavyokula na anavyolala. Akirudi bado anakuuliza habari za Kibo, hapo kaeni mpange.