Maumivu ya Hedhi na Mahangaiko ya Moyo



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi hunong'onwa tu: maumivu ya hedhi, ambayo wengine huyaita chango. Sisi wauguzi huwapokea mabinti waliojikunja kwa maumivu, na mara nyingi aliyemsindikiza mgonjwa husema, "Anajidekeza, ni mawazo tu," au, "Ndiyo hali ya wanawake, atazoea." Maneno hayo hayamsaidii mgonjwa. Maumivu hayo ni ya kweli, mahangaiko huyazidisha, na yote mawili yanaweza kupunguzwa.

Maumivu hutoka wapi?

Kila mwezi mji wa mimba hutengeneza utando laini wenye damu nyingi. Mimba isipotungwa, utando huo hubomoka na kutoka. Wakati huo mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hukaza misuli ya mji wa mimba ili isukume damu nje. Kemikali hizo zikizidi, misuli hubana kwa nguvu na damu inayoilisha hupungua. Hapo maumivu makali huanza chini ya kitovu na kuenea kiunoni na mapajani. Wengine hupata pia kichefuchefu, kuharisha au kuumwa kichwa. Kwa kawaida maumivu huanza pamoja na hedhi au muda mfupi kabla yake, na huisha kati ya siku 1 na 3.

Mahangaiko yanaingiaje?

Tuchukue mfano wa binti wa kidato cha nne. Mtihani wa taifa umekaribia, ada haijakamilika, na nyumbani kuna ugomvi. Halali vizuri wala hali vizuri. Mwili wenye hofu hutoa homoni za kujihami, kama adrenalini na kotisoli. Misuli ya tumbo na mgongo hukaza, na mtu aliyekosa usingizi husikia maumivu kwa ukali zaidi. Hofu ya muda mrefu huweza pia kuvuruga homoni zinazoongoza hedhi.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wanawake 388 nchini China. Waliokuwa na mahangaiko makubwa katika mwezi uliotangulia walielekea kupata maumivu ya hedhi zaidi ya mara mbili kuliko waliokuwa na mahangaiko kidogo. Tuzingatie hilo: mwezi uliotangulia. Msaada usingoje siku ya maumivu. Zaidi ya hayo, binti aliyeumia mwezi huu huanza kuogopa mwezi ujao, na hofu hiyo humwongezea maumivu.

Tufanye nini?

1. Andika tarehe za hedhi kwenye kalenda. Anayejua siku zake hujiandaa, wala hashtukizwi.

2. Lala vya kutosha na kula kwa wakati, hasa katika wiki inayotangulia hedhi.

3. Fanya mazoezi, kwa mfano kutembea kwa haraka dakika 45 hadi 60, mara 3 kwa wiki. Huhitaji kusimamisha mazoezi wakati wa hedhi kama unayaweza.

4. Tia maji ya moto, yasiyochemka, katika chupa isiyovuja. Izungushie kanga, kisha iweke chini ya kitovu kwa dakika 15 hadi 20. Joto hulegeza misuli.

5. Pumua polepole: vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5. Mwili hutulia na misuli hulegea.

6. Dawa ya ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kwa hiyo hufaa zaidi ikianza kutumiwa mapema, maumivu yanapoanza. Kwa mwenye miaka 12 na zaidi ni kidonge 1 au 2 vya miligramu 200, mara 3 kwa siku, baada ya kula, kwa siku 2 au 3. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au anayedhani ni mjamzito. Huyo aulize zahanati kuhusu parasetamoli.

Wengine humwambia binti kwamba akizaa atapona. Ni kweli baadhi ya wanawake hupata nafuu baada ya kujifungua, lakini mimba si dawa ya chango.

Wakati wa kuja hospitali

Tusiseme kila maumivu ni mahangaiko. Yapata mwanamke 1 kati ya 10 ana endometriosisi, yaani utando unaofanana na ule wa mji wa mimba huota nje yake. Wengine wana uvimbe au maambukizo. Njoo upimwe ikiwa maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi, yanakuzuia kwenda shule au kazini hata baada ya dawa, yanatokea pia nje ya siku za hedhi au wakati wa tendo la ndoa, au ikiwa damu hutoka zaidi ya siku 7. Njoo upesi ukiwa na homa na uchafu wenye harufu mbaya, au pedi ikijaa kila saa kwa saa 2 mfululizo. Mwanamke aliyekosa hedhi, kisha akapata maumivu makali ya tumbo na kizunguzungu, aletwe siku hiyo hiyo, maana huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba.

Kwa wazazi

Mama, mweleze binti yako mambo haya kabla hajavunja ungo. Baba, fedha ya pedi na ya dawa iwe katika matumizi ya nyumba kama ilivyo ya sabuni, ili binti asiione haya kuiomba. Kama anasoma bweni, mwombeni mlezi wa wasichana amruhusu kupumzika na kupata maji ya moto. Na anaposema anaumwa, mwaminini kwanza, kisha mwulizeni ni nini kinachomsumbua moyoni.