Kupinga Leseni ya Baa Mtaani: Je, Huo Nao ni Upendo wa Jirani?



Leo hatukai kanisani, tunashuka hadi sokoni, maana huko ndiko imani yetu hupimwa. Chukua Biblia yako, na kama una Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK), iweke karibu.

Masomo ya leo: Mithali 31:4-5 na 8-9, 1 Wakorintho 8:9-13, Mathayo 18:15-17, KKK 2284-2287 na 2290.

Kisa chenyewe

Mtaani kwetu, hapa Kenya, kuna soko dogo: vibanda vya mboga, kinyozi, fundi viatu, na duka moja ambalo kila nyumba inalijua. Unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa, vyote utavipata hapo. Mwaka jana mwenye duka aliomba leseni ya kuuza pombe. Alitaka chumba cha nyuma kiwe mahali pa watu kukaa na kunywa. Tangazo la maombi yake lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kaunti ndogo. Mama mmoja wa mboga aliyekwenda kulipia kibanda chake akalisoma, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi. Watoto hukatiza katikati ya soko hilo asubuhi na jioni. Upande wa steji tayari kuna baa mbili. Wakazi wakasema hapana, na jumuiya yetu ndogo ndogo ikakutana Jumamosi kuzungumzia jambo hilo. Mimi ni katibu wa vijana, basi nikapewa kalamu: niandike barua ya pingamizi na kukusanya sahihi.

Sijaandika hata neno, kijana mmoja akauliza: "Sasa tunamzuia mzee kutafuta riziki? Si anasali na sisi?"

Watu wakanyamaza. Ni kweli, mwenye duka ni mwanajumuiya. Ana watoto watatu sekondari, na karo haisubiri. Ukiulizwa swali kama hilo, utajibu nini? Hebu tulitafute jibu pamoja.

1. Kanisa halichukii divai

Tuanzie hapa ili tusipotee. Muujiza wa kwanza wa Bwana wetu katika Injili ya Yohane ulikuwa wa divai, tena arusini Kana. Kila siku padri anaweka divai altareni. Yoshua bin Sira, sura ya 31, anaisifu divai inayonywewa kwa kiasi, kisha hapo hapo anaonya juu ya anayepitiliza. KKK 2290 inafundisha hivyo hivyo: fadhila ya kiasi inatuepusha na kila aina ya kupitiliza, iwe chakula, pombe, tumbaku au dawa. Tena inasema anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa sababu ya ulevi ana hatia kubwa.

Kwa hiyo Mkatoliki hapingi leseni kwa sababu eti kila chupa ni ya shetani. Ukisimama kwenye kikao ukasema hivyo, utakuwa umesema jambo ambalo Kanisa lako halifundishi. Swali letu ni dogo zaidi, lakini ni gumu zaidi: je, mlango huu, mahali hapa, utamfanya nini jirani yangu aliye dhaifu?

2. Haki yangu na udhaifu wa ndugu yangu

Wakorintho walikuwa na ugomvi unaofanana na wetu. Nyama iliyotolewa kwa sanamu iliuzwa na kuliwa. Waliokomaa katika imani walisema, "Sanamu si kitu, tunakula." Kwa hoja walikuwa sahihi. Lakini Paulo anawageuzia macho kwa ndugu mwenye dhamiri dhaifu anayewatazama wakila, naye anaanguka. Paulo yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza mtu ambaye Kristo alimfia.

Katekisimu inalipeleka jambo hili mbali zaidi. KKK 2286 inasema kwazo halitoki kwa mtu mmoja tu. Linaweza kuletwa hata na sheria, taasisi na mitindo ya jamii. Hebu fikiri: karatasi yenye muhuri wa ofisi inaweza kuwa kwazo! Ndiyo maana hatuwezi kusema leseni ni mambo ya serikali, sisi tusali tu.

Kuna mtu mmoja ambaye kila kijana Mkatoliki anapaswa kumjua: Mtumishi wa Mungu Matt Talbot wa Dublin, Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856. Familia yake ilikuwa maskini. Akiwa na miaka 12 hivi aliajiriwa kwa wafanyabiashara wa pombe, na huko huko akaanza kunywa. Kwa takriban miaka 16 pombe ilimtawala. Mwaka 1884 akaweka ahadi ya kuacha, akaishika kwa Misa ya kila siku, sala na mfungo hadi alipokufa njiani akienda Misa, tarehe 7 Juni 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mstahiki.

Kuna jambo dogo husimuliwa juu yake ambalo linanigusa sana: baada ya kuacha pombe, alikuwa akitoka bila pesa mfukoni, ili akipita mbele ya baa asiwe na cha kununulia. Mtu mtakatifu namna hiyo bado aliuogopa mlango! Sasa mfikirie jirani yako ambaye ameacha pombe juzi tu. Katika kikao chetu, mama mmoja alisimama akasema, "Mume wangu ana mwaka wa pili hajaonja. Njia yake ya kwenda kazini ni hiyo ya sokoni. Baa za steji anazikwepa. Hii ataikwepea wapi?" Hakuongeza neno, akakaa. Mimi nadhani barua yetu iliandikwa pale.

Na mtoto wa miaka 12 anayekatiza sokoni akitoka shule? Hadithi ya Talbot inatuambia jinsi safari inavyoweza kuanza.

3. Fumbua kinywa chako

Mithali 31 tumezoea kuisoma kwa ajili ya sifa za mke mwema. Mwanzo wake huwa tunauruka. Ni mafundisho ya mama kwa mwanawe, mfalme Lemueli. Anamwonya asilewe, asije akaisahau sheria na kupotosha haki za wanyonge. Aya chache mbele anamwamuru afumbue kinywa kwa ajili ya wasioweza kujisemea. Mama huyo aliweka mambo mawili pamoja: kujihadhari na kileo, na kuwasemea wanyonge. Mtu anaweza kuwa hanywi kabisa na bado hajatimiza nusu ya pili.

Na KKK 1915 inatukumbusha kwamba raia wanapaswa kushiriki katika maisha ya umma kadiri wawezavyo. Kwetu Kenya mlango uko wazi. Katiba ya 2010 iliweka utoaji wa leseni za pombe mikononi mwa kaunti. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka maombi ya leseni yatangazwe, na inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha pingamizi. Leseni mpya ya mahali pa kunywea haipaswi kutolewa kama mahali hapo hapajafikia umbali wa mita 300 kutoka shule ya watoto walio chini ya miaka 18. Kamati inatakiwa pia kujiuliza kama eneo hilo kweli linahitaji mahali pengine pa kunywea. Kaunti nazo zina sheria zao, hivyo pita kwenye ofisi ya kaunti ndogo uulize taratibu na mwisho wa kupokea barua. Usingoje hadi mabenchi yaingizwe ndani ndipo uanze kulalamika.

4. Pinga kama Mkristo

Hapa ndipo pana kazi. Kupinga ni rahisi. Kupinga bila kutenda dhambi ndiko kunakotaka neema. Katika safari ile nilijifunza mambo manne.

*Kwanza, nenda kwa mwenyewe.* Yesu katika Mathayo 18 anasema mwendee ndugu yako mkiwa wawili kwanza. Mzee hakuwa amekosa, aliomba leseni kwa njia halali, lakini utaratibu wa Bwana unafaa hata hapo. Kabla ya sahihi ya kwanza, mwenyekiti wa jumuiya, katekista na sisi vijana wawili tulikwenda dukani kwake. Alitupa viti. Alisema, "Vijana wangu, unga hauna faida siku hizi. Na nyinyi mnaonipinga, baba zenu ndio wangekuwa wateja wangu wa kwanza." Tulicheka, lakini ilituchoma. Hakukubali kuacha maombi yake. Walau hakuipata habari yetu kwa umbea.

*Pili, andika unachokijua tu.* Kuna waliotaka tuandike kwamba mzee tayari anawauzia watoto pombe kichinichini. Nikauliza nani ameona. Hakuna. Katekista akasema neno moja: "Amri ya nane." Tukaifuta. Badala yake tukaomba kamba ya kupimia kwa fundi wa ujenzi, tukapima kutoka mlango wa duka hadi lango la shule. Tulipata mita 140. Hiyo ndiyo tuliyoiandika, pamoja na idadi ya baa zilizopo. Ukweli mdogo uliopimwa una nguvu kuliko tuhuma kubwa.

*Tatu, usiwe na mizani mbili.* Mbele ya kamati mzee aliuliza: "Mbona baa ya pale steji, ya mwenye gari kubwa, inakesha na muziki na hakuna aliyeandika barua? Ni kwa sababu mimi ni mdogo?" Swali hilo lilikuwa la haki. Mungu anachukia mizani ya udanganyifu, na kumwonea jirani maskini huku tukimwogopa tajiri ni mizani ya namna hiyo. Mwezi uliofuata wakazi waliandika barua ya pili, kuhusu kelele na saa za baa ile. Hadi leo tunasubiri jibu. Kama mtaa wako uko tayari kumpinga mnyonge tu, afadhali msianze.

*Nne, usimwache baada ya kushinda.* Kamati ilikataa maombi, kwa sababu ya umbali. Mtaani watu walipiga vigelegele. Lakini mzee alikuwa ameshanunua mabenchi na kupaka rangi chumba, kwa pesa za mkopo. Ushindi wetu ulikuwa hasara yake, na hasara hiyo ina majina matatu yaliyoandikishwa sekondari. Jumuiya ikakubaliana: sukari na majani ya chai ya vikao vyote inunuliwe kwake, na kila familia ijitahidi kufanya vivyo hivyo hata kama duka la steji lina nafuu ya shilingi tano. Mabenchi yake tunayakodi kila tunapokuwa na harusi au matanga. Si msaada mkubwa. Na sitakudanganya: mzee bado haji kwenye jumuiya, ingawa Misani tunamwona. Tunaendelea kumwalika.

Hapo ndipo ninapolijibu lile swali la kijana mwenzetu. Ndiyo, tulimzuia mzee njia moja ya riziki, na tulikuwa na sababu ya haki. Lakini aliyemfungia jirani mlango mmoja kwa ajili ya wanyonge ana deni la kumsaidia kutafuta mlango mwingine. Pingamizi lisilolipa deni hilo linaweza kuwa halali kisheria na bado likapungukiwa na upendo.

Na wewe mwenyewe je?

Mwisho, tujitazame. Huwezi kusaini barua Ijumaa, kisha Jumamosi ukaonekana unayumba kwenye bodaboda. Kuna vijana Wakatoliki wanaojiunga na Pioneer, chama kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na padri Mjesuiti James Cullen. Wanaacha pombe kabisa kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kwa sadaka hiyo wanawaombea wanaoteswa na ulevi. Si lazima kila mtu ajiunge. Ila kila mtu anaweza kuanza na siku za Ijumaa, akimtaja mbele ya Mungu mtu mmoja anayemjua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mtaani kwenu, nani angeumia zaidi kama baa mpya ingefunguliwa? Je, yupo kikaoni mnapojadili, au mnamsemea tu?
2. Je, kuna biashara kubwa mnayoiogopa huku mkiibana ndogo?
3. Mkishinda pingamizi, mtamfanyia nini aliyeshindwa?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyegeuza maji kuwa divai ili arusi isiaibike, utulindie nyumba zetu dhidi ya aibu ya ulevi. Uwape nguvu wote wanaopita leo mbele ya mlango wanaouogopa. Utupe midomo ya kuwasemea watoto wetu, na mikono ya kumshika jirani tuliyempinga. Utufundishe kusema kweli bila chuki. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Moyo Mtakatifu wa Yesu, utuhurumie. Tukutane wiki ijayo, kijana mwenzangu.