Maendeleo ya Kiswahili: Tusome Minara ya Vita

Mada: Kuenea kwa Kiswahili wakati wa ukoloni na baada ya uhuru

Lengo la somo: Baada ya somo hili uweze kueleza, kwa mifano, jinsi vita vilivyochangia kuenea kwa Kiswahili.

Utangulizi

Mtahiniwa, ukiulizwa mambo yaliyosaidia kuenea kwa Kiswahili Tanganyika, huenda utaandika haraka: biashara, dini, elimu, utawala, vita. Orodha hiyo ni sahihi, lakini orodha si maelezo. Anayeandika "vita vilisaidia kueneza Kiswahili" na kuishia hapo amedai jambo bila kulithibitisha. Vilisaidiaje? Nani alizungumza na nani? Mfano uko wapi?

Mifano mingine imesimama wazi barabarani. Twende Dar es Salaam, mji uliokuwa makao makuu ya serikali wakati wa Wajerumani, wakati wa Waingereza na hata baada ya uhuru. Tutapita vituo vitatu, kisha tutarudi huku kwetu Shinyanga na Geita. Katika kila kituo jiulize maswali matatu:

(a) Kinamkumbuka nani?
(b) Kinatuambia nini kuhusu lugha?
(c) Kimemwacha nani?

Kituo cha kwanza: Sanamu ya Askari

Sanamu hii ipo Mtaa wa Samora, katikati ya jiji. Ni ya shaba nyeusi: askari Mwafrika ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha mahali hapo sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, sanamu hiyo haikudumu. Anayeshinda ndiye anayechagua nani akumbukwe.

Sanamu ya Askari inawakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Maandishi yake, yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanawaita wapagazi hao miguu na mikono ya jeshi. Yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kimeandikwa kwa hati mbili: ya Kiarabu na ya Kirumi.

Zingatia mambo matatu hapa:

(i) Askari walitoka makabila mengi. Amri isingeweza kutolewa kwa lugha ya kila kabila, hivyo Kiswahili kilitumika kambini. Katika jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, yaani KAR, kilizuka Kiswahili chenye sarufi iliyorahisishwa, ambacho wataalamu hukiita KiKAR.

(ii) Hati mbili zinaonyesha kipindi cha mpito. Hati ya Kiarabu, iliyotumika pwani kwa karne nyingi, ilikuwa bado ina wasomaji, wakati hati ya Kirumi ilikuwa inaenezwa na shule na serikali.

(iii) Mwaka 1927 Kiswahili kilikuwa bado hakijasanifiwa. Mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Usichanganye mfuatano huu.

Kituo cha pili: Kariakoo

Kutoka mjini, vuka viwanja vya Mnazi Mmoja uingie Kariakoo. Watu huja hapa kununua nguo, simu na vyakula, na wengi hawajui kwamba jina lenyewe ni kumbukumbu ya vita. Hapa palikuwa na kambi ya wapagazi wa kikosi cha Waingereza kilichoitwa Carrier Corps. Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor wenye asili hiyohiyo.

Hapa umepata mfano mzuri wa utohozi. Neno la pili, corps, hutamkwa bila sauti za mwisho zinazoandikwa. Wasemaji wa Kiswahili walilichukua jina kama walivyolisikia, wakaliwekea muundo wa silabi wa Kiswahili, kila silabi ikiishia na irabu: Ka-ri-a-ko-o.

Wanahistoria wanakadiria kwamba Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, wengi kwa nguvu, na kwamba karibu laki moja walikufa. Zaidi ya risasi, waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Majina yao hayamo kwenye Sanamu ya Askari. Kwa hiyo jibu la swali letu la (c) ni zito: maelfu wameachwa. Kilichobaki kwao ni neno moja ambalo tunalitaja kila siku bila kuwafikiria.

Kituo cha tatu: Mnazi Mmoja

Rudi sasa kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Kwa miaka mingi maadhimisho ya Siku ya Mashujaa yalifanyika hapa kila tarehe 25 Julai. Siku hizi yamefanyika pia Dodoma, makao makuu ya nchi. Siku hii inahusiana na kumalizika kwa Vita vya Kagera mwaka 1979.

Uganda chini ya Idi Amin ilivamia Kagera mwaka 1978. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978, alijenga hoja yake juu ya maneno matatu mepesi: uwezo, sababu na nia. Mkulima na mwanafunzi walielewa bila mkalimani. Linganisha na mwaka 1914: wakati huo Kiswahili kilikuwa lugha ya kumpa Mwafrika amri, lakini mwaka 1978 kilikuwa lugha ya taifa kuzungumza na watu wake. Neno nduli lilivuma wakati huo kwa kumtaja Amin, na baada ya vita msemo wa kufunga mkanda ulizoeleka kwa maana ya kuvumilia hali ngumu ya uchumi.

Turudi nyumbani

Mtahiniwa wa Geita, mkoa jirani wa Kagera una makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita hivyo, huko Kaboya wilayani Muleba. Wewe wa Shinyanga, kumbuka kwamba mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Mwanza na kuelekea kusini upande wa Tabora. Muulize mzee wa familia yako kama kuna ndugu aliyebeba mizigo ya jeshi, aliyekuwa KAR au aliyekwenda Kagera. Liandike jina lake kabla halijapotea.

Utohozi nao unaendelea mbele ya macho yako. Machimboni Geita, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu huitwa karasha, kutoka neno la Kiingereza crusher. Msukuma, Mha, Mkurya na Mchaga wakikutana machimboni wanahitaji lugha moja, kama walivyohitaji wapagazi wa Kariakoo.

Namna ya kujibu

*Jibu dhaifu:* "Vita vilisaidia kueneza Kiswahili kwa sababu watu walikutana."

*Jibu zuri:* "Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) vilisaidia kueneza Kiswahili kwa sababu viliwakutanisha askari na wapagazi wa makabila mengi waliohitaji lugha moja ya kupokea amri na kuelewana. Kwa mfano, jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili."

Jibu la pili lina hoja, sababu na mfano. Hakikisha kila hoja yako ina vitu hivyo vitatu.

Angalizo: Usiandike kwamba vita ndivyo vilivyokileta Kiswahili bara. Misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa imekifikisha Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Vita vilikiongezea wasemaji, na gharama yake ilikuwa maisha ya watu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza jinsi jeshi lilivyochangia kuenea kwa Kiswahili wakati wa ukoloni. Toa mifano miwili.
2. Maandishi ya Kiswahili kwenye Sanamu ya Askari yana hati mbili. Hilo linatufundisha nini kuhusu historia ya Kiswahili?
3. Kwa kutumia neno Kariakoo na neno moja la mahali unapoishi, fafanua dhana ya utohozi.
4. Andika insha isiyopungua maneno 250 yenye kichwa: "Mashujaa wasio na mnara."