Sakafu ya zege kwa banda la ng'ombe wa maziwa
Mabanda mengi ninayotembelea yana sakafu iliyopasuka mapema. Mkojo unatuama kwenye nyufa, kwato zinaoza, maziwa yanapungua. Mara nyingi saruji ilitosha ila maji yalitumika vibaya.

Kwa sakafu ya mita 3 kwa 4, unene sentimita 10, andaa mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Ondoa udongo wa juu, panga mawe, shindilia. Changanya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Fundi akitaka kuongeza maji ili zege limwagike kirahisi, mkatalie. Zege jepesi kama uji halina nguvu.

Weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Usisakafie ikawa laini, pitisha ufagio mgumu ili ng'ombe asiteleze.

Zege likishashika, funika kwa magunia na uyaweke mabichi siku 7 mfululizo. Hapo ndipo wengi tunazembea, kumbe zege hukomaa kwa maji. Kama umwagiliaji ni kazi ya fundi, mmalizie hela yake siku ya 8.